Kumuaga Roda Nanjala, Binti wa Mama Aliyesema Hana Mtu

Tarehe 31 Desemba 1976, Bi. Roda Nanjala atavua aproni yake ya kazi baada ya kuwahudumia wazee wa Makao haya ya Amalemba kwa miaka kumi na minane. Aliingia mwaka 1958 akiwa mfuaji wa nguo, na anaondoka akiwa mkuu wa wahudumu. Wengi wa watakaoshika karatasi hii siku ya sherehe wameoshwa naye, wamelishwa naye, au wamegombezwa naye. Mimi, Jescah Musimbi, niliyefanya kazi ubavuni pake upande wa zahanati, nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake.

Kamati iliniomba niandike mazuri, nayo ni mengi. Roda mwenyewe aliniomba jambo moja tu. "Andika na habari ya mama yangu," alisema. "Usipoiandika, hiyo sherehe mtakula wenyewe." Nimeandika kwa haya, naye ataisikia ikisomwa kwa haya kubwa zaidi. Lakini tunaomjua tunajua kwamba akisema hatakuja, hatakuja.

Roda alipofika hapa, Makao yalikuwa mabanda mawili na jiko. Waliokaa humo walikuwa hasa wazee waliofanya kazi mashambani kwa Wazungu kule Turbo na Lugari, wakazeeka wakiwa hawana hata pa kujengea kibanda. Wote walivaa kaki ya namna moja, walikula pamoja na kulala pamoja kengele ilipolia, na waliitwa kwa namba za vitanda vyao. Roda alikuwa mfuaji tu, lakini jambo hilo la namba lilimkera. Alikuwa akianika nguo huku akiuliza, "Baba, kwenu walikuwa wanakuitaje?" Kabla ya mwaka kwisha, hakuna aliyekuwa anaitwa namba tena, na hata wakubwa wa Makao walikuwa wamejikuta wakiamkia wazee kwa majina.

Kaki nayo ilikwisha kwa ajili yake. Alizunguka makanisani na kwa Waislamu wa sokoni akiomba nguo, akawaambia wazee wachague wenyewe. Mzee Patroba, aliyewahi kuwa mpishi wa Mzungu, alichagua koti jeupe na kudai jiko. Roda akampa jiko kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza tulipikiwa pudini ya mkate, na hakuna aliyeimaliza isipokuwa Patroba na paka. Jumamosi ya pili wazee walimtuma mjumbe kumwomba apike obusuma, ugali wetu, kama watu wengine. Alikasirika, lakini alipika, na tangu siku hiyo alitembea akiwa amenyooka mgongo.

Sasa nifike kwenye lango.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya wageni, na Jumapili Roda alisimama langoni. Mtoto aliyekuja kumwona mzazi wake baada ya kupotea kwa muda mrefu hakupita hivi hivi. Roda alimsimamisha mbele ya watu. "Mama yako si mzigo wa kuni," alikuwa akisema, "kwamba umechoka, umeutua njiani, umeenda zako!" Wengine walilia. Wengine waligeuza baiskeli na hawakurudi. Sisi wafanyakazi tulijivunia ukali huo, na mjini alisifiwa. Akina mama wa kanisani kwake walimchagua kuwa kiongozi wao, na mara nyingi alisimama kuwafundisha habari ya amri ya kuwaheshimu baba na mama.

Mama yake mwenyewe, Namalwa, alikuwa Lugari. Uhuru ulipokuja na mashamba ya walowezi yakagawanywa, kaka yake Roda aitwaye Sifuna alipata shamba huko, akahamia na mama. Roda alikuwa ameolewa na Bwana Barasa, karani, wakikaa nyumba ya serikali hapa Amalemba. Roda ni Mbukusu, na kila Mbukusu anajua kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Kwa hiyo mama alikuwa wa Sifuna, na Roda alitosheka na hilo.

Krismasi moja alikwenda kuwasalimu. Alikuta Sifuna ameoa mke mwingine Kitale na huko ndiko anakokaa. Mama alikuwa peke yake katika nyumba inayovuja, akipikiwa na majirani. Roda alimwambia, "Mama, nitarudi tupange." Alirudi Amalemba, kazi ikamshika, na Krismasi iliyofuata hakwenda.

Mwaka 1966, mvua za kupanda zilipoanza, Landrova ya chifu iliingia hapa asubuhi na kumshusha bibi mmoja aliyeokotwa sokoni Lugari, akitetemeka kwa homa. Majirani waliokuwa wakimlisha walikuwa wamehama. Msimamizi wetu, Bwana Hezekiah, alimwita Roda kama ilivyokuwa desturi, aje na beseni na taulo. Roda akaja. Alipofika hatua chache kutoka kwenye gari, alisimama. Mimi nilikuwapo. Nilidhani amekanyaga kitu.

Bwana Hezekiah aliuliza kwa upole, "Mama, una watoto? Tuwaite?"

Yule bibi alimtazama Roda, akatazama aproni yake nyeupe na sisi wengine tuliosimama nyuma yake tukingoja amri yake. Kisha akasema, "Sina mtu."

"Hata mmoja?"

"Nimesema sina mtu. Mnataka niseme mara ngapi?"

Hakusema watoto wake wamekufa. Mama hawezi kumwombea mtoto wake kifo kwa ulimi wake mwenyewe. Alisema tu hana mtu, na Roda akanyamaza. Akamshika mkono, akampeleka bafuni kama alivyowapeleka wengine wote.

Yaliyosemwa huko bafuni Roda alinisimulia miaka mingi baadaye. Alipomwagia maji begani alianza kulia, na mama yake akamwambia kwa Kibukusu, "Usinililie ndani ya maji yangu. Hapa wanakuheshimu. Mimi nimeishi, sitakuharibia." Roda angeweza kukataa palepale. Alijibu, "Ndiyo, mama."

Basi mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakabeba, na Roda alikuwa akipita mbele ya kitanda cha mama yake kama anavyopita mbele ya kitanda cha mtu yeyote. Hakumpa kipande cha nyama zaidi ya wengine wala blanketi la pili, kwa kuogopa kujulikana. Tulimwita bibi huyo Kukhu, kama tulivyowaita bibi wote wa Kibukusu, na Roda naye akamwita Kukhu. Kila Jumapili Kukhu Namalwa alioga mapema, akavaa gauni lake la maua, akaketi barazani pamoja na wenzake waliongoja wageni. Jioni aliingia ndani, akalivua, akalikunja.

"Kukhu, unangoja nani?" nilimuuliza siku moja.

"Ninaonanga watu wa wenzangu," alijibu. "Wanapendeza."

Roda alikuwa karibu na ndoo mkononi. Aliiweka chini, akaiinua tena, akaenda.

Jumapili moja wakati wa mavuno alifika Bwana Sylvanus, mfanyakazi wa msituni Isecheno, ambaye baba yake alikuwa hapa na ambaye hatukuwa tumemwona tangu mwaka uliotangulia. Aliteremka kwenye baiskeli akavua kofia, akasimama mbele ya Roda akiwa ameinamisha kichwa, tayari kupokea. Watu wote barazani wakanyamaza wasikie. Roda akasogea kando, akampisha.

"Asante, dada," Sylvanus alisema. "Leo umenihurumia."

Roda aliingia jikoni akaketi juu ya gunia la mahindi. Nilipomuuliza kama anaumwa, alisema tu, "Jescah, mimi ni mtu mbaya."

Jumapili iliyofuata Roda hakuwa na zamu. Tuliona mwanamke anakuja kwa barabara, amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani, amebeba kikapu. Alikuwa Roda, naye alikuwa anakuja kupitia lango la wageni. Bwana Hezekiah, aliyekuwa amesimama mahali pake, alishangaa.

"Roda, leo si zamu yako."

"Sikuja kazini, Bwana Hezekiah. Nimekuja kumwona mama yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yule pale, mwenye gauni la maua."

Alisema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu alitaka isikike. Alipanda barazani, akapiga magoti mbele ya Kukhu Namalwa, akafungua kikapu. Ndani mlikuwa na ingokho, kuku aliyepikwa mzima, kama anavyopikiwa mgeni wa heshima, na obusuma wa wimbi. Mama hakukigusa chakula. Alikuwa akimtazama binti yake kwa hofu, kama mtu anayeona mtoto akikaribia moto.

"Nilikwambia nini?" alinong'ona.

"Uliniambia, nami nikakubali," Roda alisema. "Ndiyo aibu yangu, mama. Si yako."

Sylvanus alikuwa hapo tena Jumapili ile. Alisimama. "Kumbe!" alisema. "Wewe! Wewe uliyetuvua nguo kwenye lango hili!"

"Mimi," Roda akajibu. Hakuinuka kutoka magotini. "Ni mimi, ndugu yangu. Sema yote."

Sylvanus alisema, na hakupunguza. Aliyekuja kumkatiza ni bibi mmoja wa Kinandi, Jepkemboi, ambaye kitanda chake kilipakana na cha Kukhu. "Kijana, kaa chini," alisema. "Sisi tulijua tangu mwanzo. Angalia masikio yao. Binti amezaliwa na masikio ya mama. Tulikuwa tunangoja tu aseme." Halafu akamgeukia Kukhu. "Na wewe kula, kabla sijakula mimi."

Watu walicheka, na katika kicheko hicho Kukhu Namalwa akanyoosha mkono akachukua paja la kuku. Roda hakucheka.

Habari ilifika mjini kabla ya jua kutua. Akina mama wa kanisani walimwomba aache uongozi, naye akaacha bila kujitetea. Sokoni aliongelewa. Alimwendea Bwana Hezekiah akiomba kuacha kazi, na msimamizi akamuuliza, "Ukikimbia aibu, mama yako utamwacha na nani mara ya pili?" Akabaki.

Alibaki, lakini hakusimama tena langoni. Siku zake za mapumziko alianza kupanda basi kwenda Lugari, Bukura, hadi ndani ya vijiji, kuwatafuta wale waliogeuza baiskeli. Hakuwakemea. Alikaa nao, akakubali chai, akasema, "Na mimi nilimwacha wangu, tena nikiwa naye nyumba moja. Njoo tu." Waliogopa ukali wake zamani, lakini hadithi yake waliweza kuifungulia mlango. Wakaja. Walipokuwa wengi aliiomba Kamati iondoe sheria ya Jumapili peke yake, ili mtu afike siku atakayoweza. Kisha akaomba lijengwe jiko la wageni, ili binti asiyeweza kulaza mama yake kwa mume aweze walau kumpikia na kula naye. Jiko hilo linafuka moshi kila siku. Ninaposikia wazee wetu wakibishana humo kuhusu chumvi ya mrenda, ninajua ni kazi ya nani.

Kukhu Namalwa aliishi hapa miaka mitano zaidi. Roda na Bwana Barasa walitaka kumjengea nyumba yake mwenyewe Lugari, akakataa. "Nani atagombana na Jepkemboi?" alisema. Alifariki mwaka 1971, mkono wake ukiwa mkononi mwa Roda, akazikwa Lugari. Sifuna alikuja mazishini akiwa hawezi kuinua uso. Roda alimshika bega, akamsogeza mpaka mahali pa mwana, kando ya kaburi.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea. Nilimwambia kwamba watu wamekwisha kusahau na mama yake alimsamehe tangu siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama alinisamehe, ndiyo," alisema. "Lakini zile Jumapili alikuwa anavaa lile gauni, Jescah. Alikuwa anavaa na mimi ninapita." Kisha akaniuliza kama chai imebaki.

Kamati ilitaka juu ya karatasi hii tuandike "Mama wa Wazee." Alikataa, akataka aitwe binti wa mama yake, na ndivyo tulivyoandika.

Bi. Roda, umetufundisha kumwita mzee kwa jina lake, na kumfungulia mtoto wake mlango bila kumuuliza alikuwa wapi. Tunakushukuru, tukiwa na aibu zetu wenyewe ambazo hatujawa na moyo wa kuzibeba kwenye kikapu mchana kweupe. Nenda salama na Bwana Barasa. Shamba lenu liitikie jembe, magoti yako yapate nafuu, na siku zako zote za uzee asikosekane mtu wa kubisha hodi kwako.

Jescah Musimbi,
kwa niaba ya wafanyakazi na wazee wa Makao, Amalemba