Rufaa Anafunga Jalada

Tarehe 30 Juni, Mkuu wa Idara ya Sheria anastaafu baada ya kuitumikia kampuni hii miaka ishirini na saba. Jina lake kamili mnalijua kutoka kwenye barua za onyo. Sisi wa ghorofa ya tatu tunamwita Rufaa. Alilipata jina hilo mwaka wake wa kwanza, alipokatia rufaa uamuzi wa kuhamishia birika la chai idara ya uhasibu. Birika lilirudi.

Alitukuta tukiwa na vyumba viwili juu ya duka la matairi, mafundi wakigombea soketi moja ya umeme. Tulipoanza kutengeneza mashine za kulipia kwa alama ya kidole, washindani waliiga, naye akawafuata mahakamani mmoja baada ya mwingine. Akishinda, na alishinda sana, alirudi ofisini akilegeza tai tu, nasi tukajua mambo yamenyooka.

Kesi kubwa ilikuwa dhidi ya mshindani wetu mkuu. Tukawashtaki, wakatushtaki, tukakata rufaa, wakakata yao. Ikala miaka minane. Wawekezaji wakagawanyika: kundi moja lilitaka tupambane mpaka mwisho, jingine tupatane nje ya mahakama. Kinara wa hili la pili, makubwa haya, alikuwa mama mkwe wake Rufaa, mwenye hisa tangu enzi za duka la matairi. Kila mkutano mkuu mama alisimama kuuliza mkwe wake ataendelea kucheza mahakamani mpaka lini. Mtu aliyewatoa jasho mawakili wenzake angejibu nini? Aliinamisha kichwa, akasema ndiyo mama, na ukumbi mzima tukavunjika mbavu.

Miaka miwili iliyopita mkutano maalumu ukaitishwa kuamua tuendelee au tuache. Wenye hisa walirushiana maneno asubuhi nzima, hata mmoja akamwita mwenzake mwoga mbele ya mkewe. Kura zilionekana kukaribiana, mwenyekiti akamwomba Rufaa atoe ushauri. Sote tulijua anachokitaka. Alitaka kustaafu na hukumu ile mkononi, alishatuambia mara nyingi, na mioyo yetu ilikuwa upande wake.

Alivua miwani, akasema: “Tukiendelea tutashinda, sina wasiwasi. Lakini tutashinda kwa ajili ya mashine ambayo hakuna anayeinunua tena, na mafundi wa kutengeneza mpya nimewaweka kwenye benchi la mashahidi. Tupatane.”

Akaketi. Mama mkwe hakupiga makofi. Alipita katikati ya viti, akaenda kukaa kando yake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Tukapatana. Mafundi walirudi kwenye meza zao, na mashine mpya iliyojaa madukani leo ilianzia hapo. Kesi ilifutwa bila hukumu, na ilimuuma. Alilirudisha jalada kabatini kwa mikono yake, akajifungia ofisini mpaka saa ya kutoka. Kesho yake aliwahi kuliko wote, akagombana na printa, tukajua amepona.

Rufaa, asante kwa kutusimamia. Nenda ukapumzike na mkeo, na mama akikuita, jibu kama unavyojua kujibu. Afya njema na siku nyingi za raha ziwe zako. Hukumu ya kesi ile hakuna jaji aliyeiandika, basi idara yako inaiandika hapa: ulishinda. Na hii haikatiwi rufaa.