Kasiani Nangumbi, Daktari wa Ini Aliyelitaja la Jandoni

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, nanyi watani mlioanza vituko tangu asubuhi, tunawaomba mtulie kidogo, familia iwasomee maisha ya mpendwa wetu.

Daktari Kasiani Yeremia Nangumbi alizaliwa hapa Chilangala tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mzee Yeremia, aliyekwisha kututangulia, na Mama Anastasia, mnayemwona mkekani. Mwaka 1961 aliingia jandoni pamoja na Lukmani na wenzao wa rika, akasoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Chidya, kisha udaktari Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1977, na mama yake akatembea kifua mbele.

Alianza kazi Newala mwaka 1978, na tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na Severina huko Masasi, wakajaliwa Oliva na Dickson. Miaka hiyo aliwaona wanaume wa rika lake wakija na macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji, watu wakisema wamerogwa kwa ajili ya mikorosho, na uchungu wa kuwazika ndio uliompeleka Ujerumani mwaka 1986 kusomea eksirei na magonjwa ya ini. Aliporudi mwaka 1990 aliweza kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, akiufuata kwa picha hadi kwenye ini, akaweka dawa na kuziba mshipa unaolisha uvimbe, bila kumpasua mgonjwa. Biashara huria ilikuwa imeingia, hospitali za binafsi zikamwita, naye akabaki kwenye ya serikali, ambako mirija iliadimika, ndugu wakatumwa kuitafuta madukani, na wagonjwa wengi wakafa wakiisubiri.

Utafiti ukamrudisha alikotoka. Alipima damu za wanaume wa Masasi na Newala, akaona virusi vya ini vinawaandama waliopita jandoni pamoja, na tarehe 20 Juni 1994, kwenye mkutano wa hadhara hapa kijijini, akasema vilipitia kwenye kifaa kimoja kilichotumika kwa vijana wote. Sisi tunasema kifaa, yeye alikitaja kwa jina, mbele ya mama zake na dada zake, na ya jandoni hayasemwi mbele ya wanawake. Msomi yule ukweli aliujua, pa kuusemea hakupajua. Lukmani, ambaye alikwisha kuwa kungwi, msimamizi wa jando, akasimama akatamka kwamba Kasiani si wa rika lao tena, wanaume wakaondoka, na adhabu ikamwangukia Mama Anastasia, kila akipanga ndoo yake kwenye foleni ya maji wenzake wanaisogeza nyuma, akalia sana, ila yeye hakumlaumu mwanawe.

Novemba 1999 alijipima mwenyewe, akakuta uvimbe kwenye ini, maana naye alipita palepale. Tarehe 14 Februari 2000 mwanafunzi wake, Daktari Happiness, alimpitishia mrija, na marehemu, akiwa macho, alitazama picha na kumwelekeza njia, hadi alipoona uvimbe umeshaingia mshipa mkuu, akamwambia kwa upole autoe mrija, asipoteze dawa ya mtu mwingine.

Alirudi kwa mama yake kufa. Mwezi Aprili alimwita Lukmani, akamwomba radhi kwa pale aliposemea, si kwa alichosema, akamsihi yeye na wenzao waliobaki wapimwe, na vijana wa mwaka huu kila mmoja aingie jandoni na kifaa chake. Lukmani alisikiliza, akaaga, akaenda zake. Kasiani alifariki tarehe 3 Mei 2000, mama yake akiwa amemshika mkono, jibu hakulipata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliokuja kumzika kwa barabara ile mnayoijua, Daktari Happiness akiwemo na vifaa vyake vya kutolea damu, na majirani mlioleta maji ya msiba, hata nyie mliokumbuka mwaka huu tu, mama ameyapokea. Tunamshukuru na Lukmani, aliyekuja jana jioni, akampita kila mtu bila salamu, akaketi mbele ya Daktari Happiness, akakunja mkono wa shati atolewe damu ya kupimwa, na wanaume wa rika wakapanga foleni nyuma yake. Mama Anastasia aliwaona, akainamia jeneza akasema, "Mwanangu, wenzako wamekuja."

Majibu bado, na tunayaogopa. Daktari Kasiani, pumzika kwa amani, damu ya Lukmani iko njiani.