Protasi Alfonce Nduwayo, Mwalimu wa Darasa la Awali (1979–2025)

Baba Paroko, mwakilishi wa Mkurugenzi, Mwalimu Mkuu na walimu wenzake na marehemu, wazee wetu shikamooni, majirani na ndugu wote mliopanda kilima hiki cha Mugoma kuja kutufariji, familia imenituma niwasomee safari ya ndugu yetu, na imeniagiza niisome kwa tarehe, kwa sababu mwenyewe alikuwa mtu wa tarehe.

Protasi, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Alfonce Nduwayo na mama Restituta, alizaliwa Kirushya tarehe 14 Machi 1979, ingawa cheti chake cha kuzaliwa kinasema tarehe 1 Julai, na sisi tumeamua kumwamini padre, aliyemwandika kwenye daftari la ubatizo mtoto akiwa bado analia mbele yake, kuliko ofisi, iliyoandika miaka thelathini baadaye ikiwa inakaribia kufunga.

Alisoma elimu ya msingi hapo Kirushya kuanzia 1987 hadi 1993, akasoma sekondari kuanzia 1994 hadi 1997, akapata daraja la nne, jambo ambalo hakuwahi kulificha, na Februari 1998 akapata kibarua katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, kuwaangalia watoto wadogo waliocheza chini ya turubai wakati mama zao wako kwenye foleni ya mgao, kazi aliyodhani ni ya miezi miwili, akakaa miaka minne, kwa kuwa alimwona mtoto aliyenyamaza mwezi mzima akianza kusema kwa sababu tu amepewa udongo wa kufinyanga na mtu mzima wa kukaa naye chini. Tangu 2002 alijitolea kufundisha katika shule hii iliyo juu yetu, na Agosti 2009, akiwa na miaka thelathini, alichaguliwa kusomea cheti cha ualimu wa elimu ya awali katika chuo kimoja wilayani Biharamulo.

Fomu ya maelekezo ilimtaka aripoti na sketi mbili za bluu na doti mbili za khanga, na alipopiga simu kueleza kwamba yeye ni mwanaume, karani alimjibu, kaka, fomu ndivyo ilivyo, lete kilichoandikwa, basi akaleta, akakaguliwa getini, akawekewa alama ya vema kwenye kila kitu, na sketi akawapa wanachuo wenzake, ambao walikuwa arobaini na wote wanawake, ila khanga alizishika, akazitumia kugawa vyumba vya madarasa kuwa kona za kuchezea, na mojawapo aliifundishia mpaka ilipotoboka. Bweni la wanaume halikuwepo, hivyo alilala miaka miwili kwenye stoo ya majembe, na wenzake walimwita Shangazi, jina aliloliitikia bila kinyongo.

Katika mazoezi yake ya kwanza ya kufundisha aliandika ubao mzima kwa mwandiko mzuri, akazungumza dakika arobaini kwa Kiswahili safi mbele ya watoto waliokuja na Kisubi chao kutoka nyumbani, nusu yao wakasinzia, na mkufunzi wake, Mama Deodata, alimwandikia kwenye daftari kwamba ubao umefundishwa vizuri, kesho ajaribu watoto. Alitusimulia hilo mara nyingi kuliko alivyotusimulia kufaulu kwake, maana kesho yake aliingia na maharage na magome ya migomba, akawauliza watoto maneno ya kwao kwanza, na alisema siku hiyo ndiyo aliyoanza kazi.

Aliajiriwa Machi 2012 katika shule hiihii, na Mwalimu Mkuu, Mwalimu Theonest, ambaye yuko hapa na ameturuhusu kusema, alimpokea kwa furaha, akamwambia, mwanaume, Mungu amenijibu, hesabu za darasa la saba hizo hapo, na Protasi alipoeleza kwamba hakusomea kufundisha darasa la saba, aliambiwa awali si kazi ya kumsumbua mtu, hata mama wa uji anaweza. Alishika awali hata hivyo, lakini Januari 2014 alihamishiwa darasa la saba kwa nguvu, na darasa la awali, lililokuwa na watoto tisini na wawili, likawa la mwalimu yeyote asiye na kipindi, yaani la mwenye ujauzito, la anayeumwa, au la mlango wazi, na Juni walikuwa wamebaki thelathini na saba. Alibeba daftari la mahudhurio mpaka ofisi ya elimu wilayani, ofisi ikamwomba la darasa la saba, alipoandika barua aliambiwa haikupitia kwa Mwalimu Mkuu, alipoipitisha kwa Mwalimu Mkuu aliambiwa nakala ni mbili na zinatakiwa tatu, na kwa njia hiyo, kwa barua ya kumi na moja, alirudishwa awali Septemba 2015, na barua ya kumrudisha aliijibu kwa kushukuru, nakala tatu.

Alifunga ndoa takatifu na Eustakia tarehe 12 Oktoba 2013, wakajaliwa watoto wawili, Keza, aliyezaliwa 2014, na Danstan, aliyezaliwa 2018, na kati ya 2017 na 2019 alirudi chuo kilekile kwa stashahada, safari hii fomu ikiwa imerekebishwa na stoo ikiwa na kitanda. Aliporudi alisema mtu mmoja si darasa, kwani akiondolewa yeye, watoto wanabaki na mlango wazi tena, kwa hiyo akamchukua binti wa jirani, Secilia, aliyemaliza kidato cha nne, akamkalisha chini na watoto mwaka mzima, akamsukuma chuoni, na Secilia akaajiriwa hapa 2023.

Agosti 2024 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Ngara na baadaye Mwanza, na Januari mwaka huu, akiwa nyumbani hajiwezi, alisikia kwamba Secilia anapelekwa darasa la nne, basi akamwambia mke wake, mama Keza, niitie pikipiki, akaenda amefungwa shuka kiunoni, akakaa kwenye benchi la ofisi kuanzia saa mbili mpaka saa tisa, na ofisa alipomwambia, mwalimu, wewe ni mgonjwa, nenda kapumzike, akajibu kwamba atapumzika akishapata barua. Aliipata tarehe 20 Januari, Secilia akabaki awali.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa kumi alfajiri, mikononi mwa mke wake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliolala nasi nje siku zote hizi, walimu mliochimba kaburi kwa mikono iliyozoea chaki, na ofisi, kwa barua ile.

Wengi mmeuliza, na mzee Benedicto, jirani yetu, amenena kwa uchungu, mwalimu anazikwaje bila watoto wake kupanga mstari na maua, na Mwalimu Theonest alikuwa tayari kuwaleta. Marehemu aliagiza kwamba darasa la awali lisifungwe siku ya maziko yake, na tulipotaka kubishana, Eustakia alituambia, mlikuwa na miaka kumi na mitatu ya kubishana naye, mmechelewa. Leo ni Jumatatu, saa nne asubuhi, darasa la saba liko nasi hapa, na wadogo wako na Secilia pale juu, anayetega sikio anawasikia wanahesabu. Pumzika kwa amani, Mwalimu, darasa lina mwalimu.