Mashua ya Mzee Hruska Katikati ya Watu Wenye Adabu

Wasikilizaji wapendwa, kama mna kitu jikoni, punguzeni moto mkae nami. Mimi ni Gladys Ferenc. Leo tunamkumbuka Ambrose Hruska. Ambrose Hruska wa hapa hapa Marl Point, fundi mstaafu wa kiwanda cha vioo, mvuvi wa sangara wa njano. Alifariki mwisho wa juma lililopita, akiwa ndani ya mashua yake, katikati ya Ziwa Erie. Nawaambia mapema kwamba sitasimulia kwa sauti tamu. Nina uchungu.

Wengi wenu mlimjua kwa ukali wake. Septemba sangara hujikusanya, na mashua zetu nazo huwafuata na kutia nanga karibu karibu. Zamani mtu akipata samaki, wenye tamaa walimjia na injini zikinguruma, wakamwangushia nanga puani, samaki wote wakatawanyika. Mzee Ambrose hakulivumilia hilo. Niliwahi kumsikia gatini akimsema bwana mmoja mwenye mvi na mashua mpya: "Mzee mwenzangu, mtu yuko mezani anakula, wewe unaingiza mkono kwenye sahani yake? Kwenu hamkufunzwa?"

Watu walicheka, lakini walishika. Mashua iliyotia nanga haisogelewi. Ukiipita, punguza mwendo ukiwa bado mbali, usiitikise. Inua mkono, pita zako. Mashua iliyotia nanga haisogelewi. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Ambrose, ikawa sheria ya Marl Point nzima, na tulijivuna nayo mbele ya bandari za jirani.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Tangu mkewe Irma afariki, alimpikia binti yake, Nadine, kila Jumapili ambayo Nadine aliweza kuja kutoka mjini. Sangara wa kukaanga, viazi, kabichi ya siki. Nadine anasema, "Baba alikuwa bado ananitolea miba, na mimi nina wajukuu. Nikimwambia baba acha, ananiambia nyamaza ule."

Jumamosi hiyo alitoka asubuhi, peke yake, kutafuta samaki wa Jumapili. Ziwa lilitulia. Kundi zima la mashua lilikuwa pale, na yake ikiwa kando kidogo. Alitia nanga, akatega fimbo mbili za kuvulia. Kisha akapatwa na kiharusi, akaanguka chini, nyuma ya ukingo wa mashua, mahali ambapo wenzake hawakuweza kumwona.

Fimbo zake ziliendelea kucheza. Samaki walikuwa wameshika ndoano na wanavuta. Walioziona walidhani mzee ameketi chini anatoa samaki mmoja baada ya mwingine. Wakaanza kusemezana kwenye redio za mashua, na hayo waliyosemezana nimeambiwa na wao wenyewe. Mmoja alisema mzee kawapata, ona fimbo zile. Mwingine akacheka, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Wa tatu akauliza kama wamsogelee. Dwight Pollard, jirani yake wa gatini, ndiye aliyejibu: "Thubutu! Atakutoa roho. Mwacheni mzee ale."

Wakamwacha. Jioni upepo ulipoanza, walirudi bandarini. Walipomkaribia walipunguza mwendo, mmoja mmoja, wasimtikise. Waliinua mikono, wakapita zao. Gati lake lilibaki tupu usiku huo, lakini hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mara nyingi mzee alilala ndani ya mashua kule visiwani.

Jumapili asubuhi mashua ilikuwa pale pale. Hata hapo kuna aliyesema mzee leo katuwahi. Ni Dwight aliyeona shakwe, ndege wale wa ziwani, wametua ukingoni mwa mashua, wamepangana, hawana wasiwasi. Shakwe hawakai hivyo palipo na mtu anayejongea. Dwight akawasha injini, akaivunja sheria. Akamkuta mzee amejifunika koti. Alikuwa amejiburuta kutoka kwenye kiti chake hadi chini ya redio, mkono umenyooshwa, haukuifikia.

Wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri hapa. Mzee Ambrose hakufa palepale alipoanguka. Daktari amemwambia Nadine kwamba aliishi mchana ule wote, pengine na sehemu ya usiku. Angefikishwa hospitali mapema, huenda leo angekuwa anafundishwa kutembea upya na kuwatukana wauguzi. Na redio ilikuwa imewashwa. Dwight aliikuta bado inaongea. Mzee alikuwa amelala chini yake, anawasikia wakimsifu kwa samaki wake, wakikatazana kumsogelea.

Dwight amemwendea Nadine, akapiga magoti sebuleni akilia. Nadine alimwinua, akampa kahawa. Hakumlaumu. Alimwambia tu, "Ulifanya kama baba alivyokufundisha." Dwight anasema bora angemzaba kofi.

Kesho baada ya maziko, wenye mashua wanataka kutoka wote kwa msafara, kupita pole pole, kwa heshima, kuzunguka mahali pale. Nia ni njema. Lakini mimi nimechoka na heshima ya kupita mbali. Tumeifanya adabu kuwa ukuta, tukajibanza nyuma yake, maana ni rahisi kuliko kumwita mtu kwa jina na kungoja aitike. Kuuliza si ujinga. Akikutukana kwa kumsumbua, basi, umejua yu hai. Fikirieni jirani ambaye mmekuwa mkimpungia mkono tu, mkimwachia nafasi yake.

Nadine, pamoja na wanao na wajukuu zako, poleni sana kutoka kwa sisi sote hapa redioni. Marl Point nzima imefiwa, hata walioshindwa kukutazama usoni dukani juma hili.

Nilimwomba Nadine aniambie neno la kuwafikishia. Nilitarajia shukrani, kwa maua na kwa vyakula mlivyopeleka. Akasema, "Waambie hivi. Baba yangu alizungukwa na watu wema siku nzima. Niliyemhitaji ni mmoja tu asiye na adabu."