Dada Ngazi, Tunakuomba Ukae

Mgeni rasmi, dada yetu Ngazi. Shemeji yetu uliyemsindikiza. Wapinzani wetu wa kiwanda cha viatu. Mabibi na mabwana.

MAKARIBISHO
Karibu kwenye kiti chenye mito. Tunajua unakitazama kwa jicho baya, maana umezoea kukaa chini na sisi, umenyoosha miguu, unamenya chungwa huku ukitutania. Leo tuvumilie. Nasoma mimi, mfungaji wa timu, kwa sababu wenzangu wote walisema wataangua kilio kabla ya ukurasa kwisha.

HISTORIA
Timu hii ilizaliwa kwenye chumba cha kushonea, kati ya meza ya kukatia na meza ya pasi. Sketi zetu za kwanza ulizishona wewe kwa mabaki ya mashuka. Ukawa mlinzi wa goli, na kwa urefu huo mpira ulipita juu yako kwa ruhusa yako tu.

MAFANIKIO
Nyonga ilipoanza kukusumbua ulisema ni baridi, mpaka ukashindwa hata kukanyaga cherehani. Ukapiga moyo konde, ukakubali kisu. Wodini ukatuambia, "Jezi yangu asivae mtu. Narudi." Tukaitikia sote, "Haivai mtu!" Leo una nyonga ya bandia, unatembea bila mkongojo na usiku unalala. Tunamshukuru Mungu, na daktari wako pia.

CHANGAMOTO
Daktari huyo huyo amekuruhusu kutembea, kuogelea na kuendesha baiskeli. Kurukaruka na kugeuka ghafla amekataza kabisa. Wewe katazo unalichukua kama ushauri. Shemeji ametuambia (samahani shemeji, siri imetoka) kwamba unaruka uani kugusa kamba ya nguo. Na hapo chini ya gauni lako zuri tunaziona raba.

Dada, tuseme kweli. Heshima hii hatukukupa kwa kuwa tumekuchoka. Tumekupa kwa sababu mgeni rasmi hachezi. Tulikosa njia nyingine ya kukukalisha, na inatuuma. Ahadi ni deni, na hili letu la wodini hatuwezi kulilipa.

MAOMBI
Mpira wa kwanza usirushe. Tumeuondoa kwenye ratiba.

Jumamosi twende wote bwawani. Unasema mtu mzima huwezi kwenda kuchezea maji peke yako. Kati yetu hakuna anayejua kuogelea, lakini tutakuja.

Jezi yako leo anaivaa mwenzetu wa meza ya vifungo. Alikataa, akalia, tukamlazimisha. Akikosea, mfokee kama ulivyokuwa ukitufokea sisi.

La mwisho ndilo gumu. Tukizidiwa, tutaliita jina lako. Mazoea yana tabu, na midomo yetu haitakumbuka. Ukitusikia tunakuita, dada, tafadhali usisimame.

Mungu akupe umri mrefu na aiimarishe kila hatua yako.

Ni sisi wadogo zako,
Timu ya Netiboli ya Chumba cha Kushonea.