Mkuu Tollefsrud na Kipande cha Mwisho

Leo ni Ijumaa, tarehe 30 Mei, na ni mwaka wa kumi na moja tangu niondoke Mpanda kuja kuosha vyombo katika chuo hiki cha Minnesota. Mkuu wa Kitivo, Profesa Alden Tollefsrud, anastaafu leo baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha dini. Hii ni mara yake ya tatu kustaafu.

Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na profesa. Maprofesa wakasukumiana korido nzima: "Andika wewe." "Hapana, utaandika vizuri wewe." Mwishowe karatasi ikafika jikoni.

Watu wa hapa ndivyo walivyo. Hakuna anayekula kipande cha mwisho cha kitu chochote. Atakikata nusu, atakayefuata atakata nusu ya ile nusu, na mimi nitabaki nimesimama na sinia lisilooshwa kwa sababu ya chembe moja. Na karamu ambayo chakula hakijaisha haijaisha.

Mkuu alizaliwa hapa hapa, lakini yeye hafichi kitu. Kila mwaka somo lake la kwanza lilianza hivi: "Naitwa Alden, nafundisha dini, mimi ni shoga, mume wangu anaitwa Dale, na mtihani ni Ijumaa ijayo. Maswali?" Mikono yote iliyonyooshwa iliuliza habari za mtihani.

Ofisini kwake hakukaliki kwa vitabu, kwa hiyo wanafunzi aliwalea katika bwalo, kwenye meza iliyo karibu na dirisha langu la vyombo. Katikati ya meza aliweka sahani yenye biskuti moja. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuondoka mpaka aile.

"Kula."

"Asante, Mkuu, kula wewe tu."

"Mimi nimeshiba tangu nilipoajiriwa. Kula, kisha uniambie unachotaka."

Wapo waliolia. Yupo mmoja aliyeipaka siagi ili aonekane anashughulika. Lakini aliyeila alikuwa ameshakiri mbele ya mtu mwingine kwamba kuna kitu anakitaka, na maneno mengine yalifuata yenyewe. Wengine walisema wanaacha udaktari, wengine wamepoteza imani, wengine wameipata na wanaona haya.

Maren Skoglund alikuja mwaka wake wa kwanza kuaga. Baba yake alimtaka arudi kufuga batamzinga, naye hakupenda kumsumbua kwa kumwambia kwamba anapenda masomo. Alikaa na ile biskuti mpaka nikamaliza kupiga deki, nikaanza upya kwa adabu. Alipoila, alimpigia baba yake simu pale pale. Baba akasema, "Sasa mbona hukusema? Mimi nilidhani unawapenda batamzinga!"

Sasa habari ya kustaafu. Mwaka juzi tulimwandalia Mkuu keki ya limau. Kikabaki kipande kimoja. Jumatatu tukamkuta ofisini.

"Nitaondokaje," aliniuliza, "na sherehe haijaisha?"

Mwaka jana tukarudia. Profesa wa biolojia alileta kisu cha maabara, akakigawa kipande cha mwisho mpaka kikawa kama ukucha, na huo ukucha ukabaki. Mkuu akafundisha mwaka mwingine. Dale, ambaye ana miaka sabini na magoti mabovu, alikuwa ameshauza nyumba yao ya mjini, akahamia peke yake kwenye kibanda kando ya ziwa. Mtumbwi wao wa kuvulia samaki ameupaka rangi mara tatu akimsubiri. Alikuja dirishani kwangu akaniambia, "Wenzangu waume zao huchukuliwa na vijana. Wangu amechukuliwa na keki."

Nikamuuliza kwa nini Mkuu asiile mwenyewe. Dale alinitazama kana kwamba nimetukana. Yule aliyewalazimisha wengine miaka yote, yeye mwenyewe hajawahi kuchukua cha mwisho.

Jana ilikuwa mara ya tatu. Kikabaki kipande. Maprofesa wakaangalia dari. Dale alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, funguo za gari mkononi, akijaribu kutabasamu. Ndipo Maren, anayehitimu wiki hii, akainuka, akachukua sahani, akaiweka mbele ya Mkuu, akavuta kiti akaketi.

"Kula, Mkuu."

"Kula wewe, binti yangu."

"Mimi nimeshiba tangu mwaka wa kwanza. Kula, kisha utuambie unachotaka."

Mkuu alizungusha sahani. Aliomba siagi, akanyimwa. Kisha akala, polepole, mpaka chembe ya mwisho, machozi yakimtiririka shavuni.

"Kavu," alisema. Halafu: "Nataka kwenda nyumbani na Dale."

Sahani niliiosha mbele ya watu wote, wakapiga makofi kama mpira umeingia golini.

Mkuu, ahsante kwa wote uliowakalisha kwenye meza ile. Ziwa na liwe tulivu, magoti ya Dale yapate nafuu, na samaki wa mwisho mmle bila kumwuliza mtu.

Mimi naenda likizo kwetu Mpanda. Natarajia kurudi tarehe 20 Agosti, na naomba nisikukute.