Rafu Mlizozihamisha

Sogeeni karibu, wanangu, na anayetaka kulia akalie nje, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema tu, na nitakayosema hayapendezi.

Naanza na duka la vifaa, maana najua ndilo lililowaleta mapema hivi. Baba yenu alipofariki nilibaki nalo peke yangu, nikiuza nati, bolti na koki huku binti yangu huyu, kitindamimba, nimembeba mgongoni. Fundi alikuwa hajamaliza kutamka anachotaka, mkono wangu umeshafika. Walidhani nimekariri kila kopo. Sikukariri chochote, na mngenifumba macho mkaniuliza mipira ya koki iko wapi, nisingejua. Lakini nikisimama kaunta, nikaona kamba upande huu na makopo ya rangi upande ule, macho yenyewe yalikwenda panapostahili, kama ng'ombe wanaorudi zizini bila kuswagwa.

Kisha nikalazwa hospitali, na wewe mwanangu mkubwa ukaingia na brashi. Niliporudi nilikuta kuta zinang'aa na kila kitu kimehama. Sikukasirika, rangi ilikuwa nzuri. Siku hiyohiyo fundi bomba akataka mipira ya koki, nikatafuta mpaka jasho likanitoka. Afadhali lingekuwa duka la mtu mwingine, ningetafuta kama mgeni yeyote. Pale macho yalikimbilia mahali pa zamani, yakakuta gundi, yakazunguka, yakarudi palepale. Fundi akanitania, "Bi mkubwa, leo mipira imeota miguu?" Nikacheka naye. Wewe hukucheka. Ulisema mbele za watu, "Mama, si hiyo hapo mbele ya pua yako! Jamani, huyu keshazeeka, haoni tena." Kesho yake ukachukua funguo, ukaniwekea kiti uani.

Nawe binti yangu, uliposikia ulisema, "Mwacheni apumzike." Hukuja hata kunitazama usoni ujue kama napumzika.

Aliyeona ni mkwe wangu, huyu mnayemwita Bubu kwa kuwa hajibizani na mtu. Siku wewe mumewe, mwanangu mkubwa, ulipokwenda kununua mzigo, aliirudisha rafu moja, kopo moja moja, akifuata duara za kutu zilizobaki kwenye mbao, kisha akanishika mkono akanisimamisha kaunta. Alipokuja fundi bomba, mkono wangu ulifika kabla hajafunga mdomo. "Mama, macho yako mazima," mkwe akaniambia, na aliyelia ni yeye, si mimi. Wewe ukarudi, ukaivuruga rafu, ukamfokea mkeo kwamba anakurudisha nyuma. Nilikuomba muda, nikakwambia macho yatazoea upya kama yalivyozoea mwanzo. Ukasema biashara haingoji mtu.

Basi sikilizeni. Nyumba hii gawaneni ninyi wawili, sina neno. Duka ni la mkwe wangu, na jirani yetu na fundi bomba nimeshawaambia, ndio mashahidi. Usimtolee macho, mwanangu. Hakuniomba, ndiyo kwanza anasikia. Ukitaka kuuza humo, uza, na ukikosa kitu muulize, hatakuaibisha mbele ya wateja. Nawe mkwe wangu, panga upendavyo, hata ukigeuza duka zima, ila akiwapo mzee anayetafuta, mpe muda.

Nizikeni karibu na baba yenu, bila hotuba. Sitaki kusifiwa na mtu aliyenihamishia uani.

Mungu awalinde nyote, awape watoto watakaowatazama usoni. Wewe pia, mwanangu mkubwa, nakubariki. Kinywa kimetangulia, moyo uko nyuma unachechemea.

Maji... kidogo tu. Basi, yatosha.

Funguo zimo mfukoni mwako. Zitoe umpe mkeo, hapahapa, ningali hai. Mimi sioni tena, na safari hii ni kweli, kwa hiyo zitikise nizisikie zikiingia mkononi mwake.

Zitikise, mwanangu.

Mbona... sisikii kitu?